Mjadala: Ukijisikia umepona, umepona?

Anayefungua mjadala: mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, Moshi

Habari za jioni nyote. Wakubwa, shikamooni.

Dada yangu anaishi Arusha. Ana sukari, anajichoma insulini mwaka wa 11 sasa. Miezi michache iliyopita alialikwa kwenye semina, kiingilio shilingi 20,000. Mwalimu wa semina hiyo, ambaye sitamtaja, alifundisha saa tatu nzima kwamba mwili ni mtumwa wa akili. Kwamba ugonjwa ni wazo lililokaa mpaka likaota mizizi. Kwamba mtu anayeamka asubuhi na kujichoma sindano anajitangazia kila siku kuwa yeye ni mgonjwa, na mwili unatii. Dada akatoka pale amechangamka. Usiku ule alinipigia simu nikiwa kambi ya Horombo, mlimani, mtandao unakatika-katika, nikasikia kicheko chake cha utotoni. Nilifurahi sana.

Akaacha insulini. Hakumwambia mtu. Siku ya sita shemeji akanipigia: anakojoa usiku kucha, anakunywa maji kiu haikatiki, na bado anasema yuko sawa. Nilipofika Arusha nilimkuta amekaa kitandani anahema kwa nguvu, kama mtu aliyetoka kukimbia, na pumzi yake inanuka kama ndizi mbivu zilizopitiliza. Nikamwambia twende hospitali. Akanishika mkono: "Mdogo wangu, usinitie hofu. Najisikia vizuri." Nikatafuta mashine yake ya kupimia sukari, nikaikuta kabatini, ameifunga ndani ya soksi. Tone la damu, sekunde chache, kioo kikaandika herufi mbili tu: HI. Maana yake sukari imevuka kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma.

Yuko hai. Alilazwa siku tano, na siku ya kwanza hakujua hata yuko wapi. Nalisema mapema ili tusimalizie mjadala kwenye pole.

Swali langu ni hili: mtu anayetoza pesa na kuwaambia wagonjwa kwamba fikra zao zitawaponya, wakimwamini wakaacha dawa, awajibike? Au ni uhuru wa kila mtu kuamini anachotaka?

Sibishi kwamba akili ina nguvu juu ya mwili. Kiswahili chetu kinalijua hilo zamani. Tukisema mtu "ana mawazo" tunamaanisha anaumwa na kitu kisichoonekana, na mtu aliyekufa muda mfupi baada ya mwenzake tunasema amekufa kwa kihoro. Madaktari wa Japani walikuja kukieleza kihoro hicho mwaka 1990: moyo unavimba na kulegea ghafla baada ya msiba au mshtuko, mpaka kwenye picha unafanana na chungu chao cha kutegea pweza, takotsubo, na jina likabaki hilo. Sijui kama waliwahi kusikia neno letu.

Na mimi nimeyaona mlimani. Wagumu wenzangu, yaani wapagazi na waongoza wageni, mtanishuhudia. Mgeni anakula vizuri, analala vizuri, halafu jioni kwenye hema la chakula mwenzake anasimulia habari za mtu aliyefia juu. Kesho yake watatu wanaumwa kichwa kabla hata hatujaanza kupanda. Mtaliano mmoja, Fabrizio Benedetti wa Turin, alilipima jambo hili kwenye milima yao ya Alpi, mita 3,500, akachapisha mwaka 2014. Walimweleza mwanafunzi mmoja tu habari za kuumwa kichwa mwinukoni. Akawaambia wenzake, nao wakaambiana, hadi siku ya kupanda habari ilikuwa imefikia zaidi ya 30. Waliosikia waliumwa zaidi ya wasiosikia. Na si kwa maneno tu: kemikali za maumivu kwenye mate yao nazo zilikuwa juu zaidi.

Kwa hiyo hofu inaumiza mwili, hilo nalikubali lote.

Lakini mlima huohuo ulinifundisha upande wa pili. Kila asubuhi na jioni tunawauliza wageni: umelalaje, umekula, kichwa vipi? Halafu tunaweka kipima oksijeni kidoleni. Tulikuwa kambi ya Barafu, mita 4,673, saa chache kabla ya kuanza kupanda kwenda Uhuru. Mgeni mmoja, mwanaume mwenye nguvu, mkimbiaji, ananiambia yuko imara kabisa na miaka miwili amejiona akilini akisimama kileleni. Alikuwa anatabasamu. Kipimo cha kidoleni kikasoma asilimia 58. Pale Barafu 80 na kitu hainishtui, lakini 58 ilinishtua. Nikamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu akaangukia mikononi mwangu, na bado ananiambia yuko imara. Tulimshusha usiku uleule hadi kambi ya Millennium, wagumu wanne na tochi. Kule chini akapata nafuu, akalia.

Akili yake ilikuwa na imani kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumpandisha. Ubongo wake ulikuwa unavimba kwa mwinuko.

Baada ya haya ya dada nimesoma sana, na kuna utafiti mmoja haunitoki kichwani. Ulifanyika Boston, Marekani, ukachapishwa mwaka 2011, kwa wagonjwa 39 wa pumu. Mara walipewa pampu yenye dawa, mara pampu isiyo na dawa, mara sindano za Kichina za kuigiza, mara wakaachwa bila kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, pampu ya kweli ilileta nafuu ya asilimia 50, ya uongo 45, sindano za kuigiza 46. Yaani sawasawa. Kisha wakapulizishwa kwenye mashine inayopima pumzi. Pampu ya kweli ilifungua mapafu kwa asilimia 20. Nyingine zote, pamoja na kuachwa bila kitu, kama asilimia 7.

Someni tena hapo. Mgonjwa anajisikia amepata nafuu ileile, na mapafu yake bado yamebana. Shambulio likija usiku hataenda hospitali, maana yeye anajua amepona. Hapo ndipo alipokuwa dada yangu na mashine yake ndani ya soksi. Uwanja ni wenu.

Mama mfanyabiashara, Soko la Kilombero, Arusha

Pole sana mwanangu kwa dada yako. Mimi niko upande mwingine, na naomba unisikilize kama ulivyosikilizwa.

Mume wangu alifariki ghafla. Baada ya arobaini nikaanza kuumwa mgongo, kifua kikabana, mikono ikafa ganzi. Nimepimwa mara tatu, hospitali tofauti, na damu, na picha. Mara zote jibu: mama, huna kitu. Sina kitu, na siwezi kuinua ndoo ya nyanya! Daktari wa mwisho alikuwa anaandika faili la mtu mwingine wakati ananijibu. Walioniinua ni kina mama wa jumuiya na semina kama hizo unazozisema. Waliniambia mgongo wako umebeba msiba, utue. Nililia siku mbili. Wiki ile nikarudi sokoni.

Sasa ukitaka hao wawajibishwe, mimi ningeenda wapi?

Anayefungua mjadala

Mama, shikamoo, na pole kwa msiba. Wala sisemi maumivu yako yalikuwa ya kujitungia. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwapa watu waliong'olewa magego dawa isiyo na kitu ndani, wengine wakatulia. Kisha wakawapa dawa inayozuia mofini isifanye kazi, na maumivu yakarudi. Maana yake mwili ulikuwa umetengeneza kitu kama mofini yake wenyewe, kwa sababu mtu aliamini ametibiwa. Kwa hiyo nafuu yako ilikuwa ya kweli ndani ya damu. Lakini mama, wewe ulipimwa kwanza, mara tatu. Na hakuna aliyekuambia uache dawa yoyote. Tofauti yako na dada yangu iko hapo tu, na kwangu ni kubwa.

Mama mfanyabiashara, Kilombero

Marahaba mwanangu. Hapo umenijibu nusu. Nitarudi.

Kijana, Sakina, Arusha

Mnajadili mambo ya karne iliyopita. Fizikia ya kwantamu imeshathibitisha kwamba mwangalizi ndiye anayeumba uhalisia. Chembe haina mahali mpaka iangaliwe. Kama chembe inatii jicho la mtu, seli za mwili ni nini? Dada yako labda hakuamini kwa asilimia mia.

Mwalimu wa fizikia, Moshi

Mdogo wangu, nafundisha somo hilo. "Kuangalia" kule ni kupima: chembe inagusana na kifaa, inaacha alama. Hata kama chumba hakina mtu na mashine inarekodi peke yake, matokeo ni yaleyale. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba tamanio la mtu linachagua chembe iende wapi.

Na hilo neno lako la mwisho, futa. Mtu akipona, mafundisho ni ya kweli. Akizidiwa, hakuamini vya kutosha. Mafundisho yasiyoweza kukosea hata mgonjwa akifa, huyo mgonjwa umemdhulumu mara mbili.

Kijana, Sakina

Kwa dada, naomba radhi. Kwa fizikia, tutaendelea siku nyingine.

Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kagera, anaishi Usa River

Mmesahau la nyumbani. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Kashasha karibu na Bukoba, shule ya bweni ya wasichana. Watatu walianza kucheka. Kicheko kikahama darasa hadi darasa, saa nyingine siku kadhaa kwa mtu mmoja, na kilio, na kukimbia ovyo, na kupiga anayejaribu kuwashika. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, mabinti wakarudi kwao, na ugonjwa ukaenda nao vijijini. Madaktari walitafuta sumu, walitafuta maambukizi, hawakukuta.

Wazungu wanaisimulia kama kichekesho, nami hunichoma. Wale walikuwa watoto walio mbali na mama zao, katika shule yenye masharti makali, nchi imebadilika juu ya vichwa vyao. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa. Nikiwa mwalimu wa bweni nimeona wasichana wakianguka wanne, watano, usiku mmoja, na kila mara wakubwa wanagawanyika: mapepo, au wanajifanya. Wala hawajifanyi. Niliwatenganisha, nikawapa uji, nikawauliza mmoja mmoja nini kinamsumbua. Mara moja nikagundua jambo kuhusu mlinzi wa bweni ambalo sitaliandika hapa. Alipoondolewa, kuanguka kukakoma.

Kwa hiyo ndugu mwongoza wageni, usiuone huu upande wa akili kama wa tahadhari tu. Ukiupuuza, kuna maradhi hutayajua kamwe, na kuna wabaya watabaki salama.

Anayefungua mjadala

Mwalimu, shikamoo. Hili sikuwa nimeliwaza hivyo. Nalipokea.

Dereva, Ngaramtoni

Mimi niliendesha Land Cruiser kwenda Samunge mwaka 2011, kwa Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Mungu amrehemu, alifariki 2021. Mlio wadogo mtakuwa hamkumbuki. Kikombe cha dawa shilingi 500, mti wa mugariga umechemshwa, na watu walitoka nchi nzima na nchi jirani. Magari yalipangana kilomita na kilomita. Watu wanalala porini, wanapikia pembeni ya matairi, na wapo waliofia foleni kabla ya kufika. Mawaziri walikunywa, wabunge walikunywa, mimi nilikunywa.

Mzee yule nilimwona kwa macho yangu, hakuwa na makuu. Sina neno baya juu yake.

Ninachotaka kusema ni hiki. Safari moja nilimpakia mwanaume amelala kwenye godoro, nyuma, tumekunja viti. Kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu hadi Engaresero hakuinua kichwa. Vumbi lile na ile njia ya mawe, tulidhani atatufia. Tulikaa foleni siku tatu. Alipokunywa kikombe, baada ya saa moja hivi akasema nishikeni, akasimama. Akatembea hadi kwenye gari. Ndugu zake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Kurudi alikaa kiti cha mbele pembeni yangu, tunapiga soga, akanunua mahindi ya kuchoma Mto wa Mbu, akanipa moja.

Nimesimulia habari yake miaka yote hii. Nimewaambia mamia ya abiria. Na mpaka nilipousoma mjadala huu leo sikuwahi kujiuliza: baada ya mwezi, alikuwaje? Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Sikupiga. Nilitaka ibaki vile.

Mfamasia, Moshi

Mchango mfupi, niko zamu. Kila siku mtu ananiambia vidonda vya tumbo ni mawazo. Hata madaktari duniani waliamini hivyo kwa miaka mingi, wakawaambia wagonjwa wapumzike na wasikasirike. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakakuta bakteria tumboni. Hawakuaminiwa, Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, tumbo likawaka. Mwaka 2005 wakapewa Nobel. Leo mgonjwa anapewa dawa wiki mbili, anapona. Hebu fikirieni waliokaa miaka wakijilaumu kwa mawazo yao.

Na presha: haina maumivu. Wanaoacha vidonge kwa sababu "najisikia vizuri" ndio tunaowapokea na kiharusi. Wala hawajahudhuria semina yoyote. Mwili wao wenyewe ndio umewadanganya.

Mama mfanyabiashara, Kilombero

Nimerudi. Nauliza jambo la kisheria. Nani ataamua? Mkiwabana wa semina, kesho mtabana makanisa, keshokutwa misikiti, na bibi aliyeshika isale, jani la msamaha, akimsuluhisha mtu na ndugu aliyemlaani. Huku kwetu mtu akiambiwa amevunjiwa chungu, yaani amelaaniwa, anaacha kula, anakonda, anakufa kweli. Hospitali haina dawa yake. Anayeweza kumwokoa ni yule mzee atakayeketi naye na kuiondoa laana. Huyo naye mtamshtaki?

Anayefungua mjadala

Mama, hapana. Na umenifanya nibadilishe swali langu, acha niseme wazi. Nilipoanza nilikuwa na hasira, nilitaka wafungiwe. Sitaki tena hivyo.

Mtu aliyevunjiwa chungu anakufa kwa hofu. Hata Mmarekani Walter Cannon aliandika mwaka 1942 kuhusu vifo vya namna hiyo, kwamba hofu isiyokatika inauchosha moyo na mishipa. Mzee anayeiondoa hofu hiyo anatibu, tena anatibu kitu chenyewe kinachoua. Kina mama wa jumuiya waliokuambia utue msiba nao walitibu. Laiti dada yangu angewapata hao.

Nabaki na jambo moja. Asiyekuandikia dawa asikuachishe dawa. Basi. Ahubiri, aombe, afundishe watu kujiona wazima, atoze kiingilio anachotaka. Lakini siku atakaposema "tupa vidonge", awe mchungaji, shehe, mganga au mwalimu wa mafanikio, ajibu kama anavyojibu mtu aliyeharibu breki za gari la mwenzake. Mganga wa tiba asili anayo sheria yake tangu 2002, na lipo Baraza analosajiliwa. Huyu wa ukumbini hajihesabu mganga, anasema yeye anauza maneno tu. Maneno yake yaliingia kwenye kongosho la dada yangu.

Mama mfanyabiashara, Kilombero

Hiyo naikubali. Iandike hivyohivyo, bila kuongeza. Na msalimie dada.

Anayefungua mjadala

Nimemsomea dada mjadala huu wote leo jioni, kuanzia mwanzo. Amenipa ruhusa niandike alichosema, kwa hiyo namwandikia.

Kwanza, anamshukuru mama wa Kilombero, na kijana wa Sakina amemsamehe. Pili, ameniomba nisiseme alidanganywa, maana inamfanya aonekane mjinga. Alijua sukari ni nini. Alichoka. Miaka 11 anachoma sindano, anaandika namba kwenye daftari, na akienda kliniki namba ikiwa kubwa anafokewa: umekula nini? Hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Yule wa ukumbini aliwauliza watu mmoja mmoja majina yao, akamshika bega, akamwambia wewe si namba. Anasema kwa neno hilo angeacha hata kupumua.

Asubuhi bado anayatamka maneno ya semina, mengine. Anayatamka baada ya kuchoma sindano, akisubiri chai ipoe.

Halafu akaniuliza: "Wageni wako unawauliza asubuhi na jioni, umelalaje, umekula. Mimi nina sukari miaka 11. Umeniuliza lini?"